Mgeni wa Kiti cha Magurudumu: Tumtembeze Wapi, na Vipi?

  

Toleo hili tuzungumze juu ya wageni. Karibu kila kikundi hupokea wageni: wenzetu wa parokia nyingine, akina mama kutoka bara wakati wa Pasaka au Desemba, jamaa waliokuja arusini, na mara moja moja marafiki kutoka ng'ambo. Tukishakula pilau na kusoma risala, tunawatembeza. Lakini siku mgeni mmoja akija na kiti cha magurudumu, mambo hubadilika. Wenzake wanapanda matatu kwenda baharini, yeye anaachwa chini ya mwembe na soda, pamoja na mtoto wa kumwangalia. Jioni wenzake wanarudi wakisimulia. Mtu huyo amesafiri karibu kilomita mia tano kutoka Nairobi, na Mombasa hakuiona.

Hatufanyi hivyo kwa ubaya. Tunaogopa tu. Je, akianguka? Je, choo? Nani atamsukuma? Maswali hayo yana majibu, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kikundi kikae chini na kupanga.

Kwa nini kikundi kijishughulishe?

Kwanza, watu hawa si wachache. Katika hesabu ya watu ya 2019, Wakenya karibu 900,000 walihesabiwa kuwa na ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya watu wa umri wa miaka 5 na zaidi. Shida ya kutembea ndiyo iliyoongoza. Hapo bado hujaongeza wazee wetu waliopooza upande mmoja, ambao familia husema tu "mzee ni mgonjwa".

Pili, ni kazi. Kikundi kinachojua kumpokea mgeni wa kiti cha magurudumu, kumlisha, kumtembeza na kumrudisha salama, kitaitwa tena. Mgeni kama huyo mara nyingi huja na familia nzima, na wote hula na kulipa nauli.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna watoto na watu wazima wenye ulemavu ndani ya nyumba zetu wenyewe. Wengine hawajaiona bahari, na bahari iko kilomita mbili. Majirani wakimwona mgeni akisukumwa barabarani, amevaa vizuri, anacheka na kununua madafu, yule mzazi aliyemficha mtoto wake chumba cha nyuma naye ataanza kufikiri.

Kila mtu anakijua kisa cha Injili ya Marko, cha wale watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza mpaka wakatoboa dari. Walipokuta mlango umejaa watu hawakumwambia abaki nje. Walitafuta njia.

Nchi ni tambarare, lakini si kila mahali

Tuna bahati. Kuanzia Kisauni hadi Shanzu ni tambarare ya pwani, na Likoni kuelekea kusini ni hivyo hivyo. Changamwe ina vilima zaidi, na wanachama wa huko wanajua vizuri miteremko yao. Mtu wa kiti hahitaji kupandishwa milima kama kwingine nchini.

Shida yetu ni mambo madogo: mchanga mlaini, mawe ya matumbawe yaliyochomoza njiani, mtaro usio na kifuniko, ngazi mbili za mlango wa hoteli. Mtu anayetembea kwa miguu hata hayaoni. Kwa hiyo wiki moja kabla ya safari, watu wawili wa kikundi waende wakakague njia yote, kutoka kituo cha gari hadi choo cha mwisho. Kama kuna mtu wa kiti cha magurudumu kijijini, aende nao. Yeye ndiye mtaalamu, na alipwe kama mtaalamu.

Mwulize mwenyewe

Kabla ya yote mwulizeni mgeni, si dada yake wala aliyemleta. Maswali yenyewe ni machache:

1. Je, unaweza kusimama au kutembea hatua chache, au hapana kabisa?
2. Unahamaje kutoka kitini hadi kwenye gari? Unataka kusaidiwa vipi?
3. Kiti chako hukunjika? Upana wake ni kiasi gani?
4. Chooni unahitaji nini?
5. Kuna dawa unazokunywa kwa saa maalumu?
6. Ungependa kuona nini?

Swali la sita husahaulika. Huenda mgeni hataki bahari kabisa, anataka soko la samaki.

Pima kwa kamba

Chukueni kamba na mfunge fundo kila sentimita 10. Kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 60 hadi 70, basi mlango uwe na nafasi wazi ya sentimita 80 au zaidi. Ili kiti kigeuke bila kugonga ukuta, panahitajika nafasi ya mita moja na nusu kila upande. Meza ya kulia iwe wazi chini, magoti yaingie. Vile viti vya saruji vilivyoshikamana na meza havifai, ila upande mmoja ukiachwa wazi.

Hesabu ya mteremko

Palipo na ngazi, wekeni njia ya mteremko. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni hii: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimita 12. Kwa hiyo:

- Ngazi moja ya sentimita 10 inahitaji njia ya sentimita 120.
- Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji njia ya sentimita 180.
- Ngazi mbili, jumla sentimita 30, zinahitaji njia ya mita 3 na sentimita 60.

Fundi wengi hufupisha ili kuokoa saruji, na matokeo yake ni kitu kama ukuta ulioinama. Mtu hawezi kujipandisha hapo, na akishuka anarushwa mbele. Kama nafasi ni ndogo, pindeni njia mara mbili na muweke pa kupumzikia katikati. Pembeni muweke kizuizi kidogo ili gurudumu lisitoke, na sakafu isilainishwe sana, maana mvua ikinyesha itateleza. Kwa siku moja tu, mbao mbili nene zilizounganishwa zinatosha, na mbao hizo zitafaa tena mwaka ujao.

Choo

Tuseme wazi: wageni wengi wenye ulemavu hukataa kunywa maji siku ya safari kwa sababu wanaogopa choo. Hiyo ni hatari katika joto la Mombasa. Kikundi kikitengeneza jambo moja tu, kitengeneze choo.

Choo cha shimo kinaweza kufaa. Mlango ufunguke nje, uwe na nafasi ya sentimita 90 kama inawezekana. Ndani wekeni vyuma au miti imara ya kushikilia pande mbili. Juu ya tundu wekeni kiti cha mbao kilichokatwa tundu katikati, kizito kisichoyumba, na kimo chake kilingane na kiti cha magurudumu ili mtu ahame bila kuinuliwa. Wekeni maji na sabuni mahali mkono unapofika ukiwa umeketi. Gharama yake ni ya fundi seremala kwa siku moja.

Mahali pa kwenda

Haller Park, Bamburi. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi 1954, na machimbo yake ya mawe ya matumbawe yalibaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikashika 3 tu, na mvinje ndio uliostawi kupita yote. Majani ya mvinje hayaozi upesi, hivyo walitiwa jongoo wa kuyala, na uchafu wa jongoo hao ukawa udongo. Mwaka 1984 mahali hapo pakafunguliwa kwa wageni. Leo kuna twiga, viboko, kobe wakubwa na samaki. Wengi wanakumbuka Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa na kumfuata kobe aitwaye Mzee kama mama yake. Kwa mwenye kiti faida ni hii: sakafu ya machimbo ni bapa na kuna kivuli kingi. Ulizeni langoni saa za kulisha wanyama na njia ipi isiyo na vikwazo.

Bombolulu. Karakana hizi za kando ya barabara ya Malindi zilianzishwa 1969 chini ya APDK, shirika linalohudumia watu wenye ulemavu wa viungo Kenya tangu 1958. Mafundi wengi wa pale ni watu wenye ulemavu. Wametengeneza mapambo, vinyago, vitu vya ngozi na nguo, na vimeuzwa mpaka nchi za nje. Pia kuna nyumba zilizojengwa kwa desturi za makabila mbalimbali. Kumpeleka mgeni hapa ni jambo zuri, lakini kumpeleka mzazi wa mtoto mwenye ulemavu ni bora zaidi. Ataona watu wazima wanaofanya kazi kwa mikono yao na kupata mshahara. Piga simu kwanza ujue siku na saa za kazi.

Pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, Bamburi. Hapa hakuna kiingilio, na familia zinazoogelea ni nyingi. Tatizo ni mchanga, nasi tutaueleza hapa chini.

Mama Ngina, upande wa kisiwani karibu na feri. Mahali hapa palitengenezwa upya, na Mashujaa Dei ya 2019 ikaadhimishwa hapo. Kuna njia pana zilizosakafiwa, mibuyu ya zamani, na meli zikipita mbele yako. Kuna sehemu za ngazi, lakini sehemu kubwa hupitika. Kwa vikundi vya Likoni ni mahali pa karibu kabisa.

Jumba la Mtwana, Mtwapa. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, karibu na bahari, chini ya Makumbusho ya Taifa. Njia ni za udongo. Nendeni msimu wa kiangazi na watu wawili wa kusukuma.

Mchanga na maji

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa bahari, lakini tuitumie elimu yetu. Mchanga mkavu wa juu humeza gurudumu. Mchanga uliolowa, maji yakiwa yanapwa, ni mgumu kama barabara. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana karibu saa nne au tano asubuhi. Ulizeni mvuvi, mpange siku kwa maji kabla ya kupanga kwa saa.

Kuvuka ule mchanga mkavu, tandikeni vipande viwili vya plaiwudi: kiti kikiwa juu ya kimoja, kingine kinawekwa mbele. Mkikosa mbao, geuzeni kiti na mkivute kinyumenyume, kimelala kidogo nyuma ili magurudumu madogo ya mbele yasichimbe. Mkirudi, osheni kiti kwa maji baridi yasiyo na chumvi na mtie mafuta, la sivyo kutu itakula beringi.

Kuvuka feri

Feri ya Likoni haitozi watu wa miguu, na sasa iko chini ya Halmashauri ya Bandari. Jambo la kuangalia ni mteremko wa gati. Maji yakijaa, mteremko ni mfupi. Maji yakipwa sana, ni mrefu na mkali. Pia epukeni saa za watu wa kazi, asubuhi mapema na jioni.

Fikeni mapema, mzungumze na askari wa zamu, muombe kuingia kabla ya umati. Kushuka gatini, mwenye kiti ashuke kinyumenyume, msukumaji akiwa upande wa chini. Ndani ya feri kaeni mbali na milango ya mwisho, fungeni breki, na mtu mmoja ashike kiti mpaka feri ifunge gati. Tusiwe wasahaulifu: mwezi wa Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa watu 272. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka nyuma ya feri ya Likoni, mama na mwanawe wakapoteza maisha. Feri ikijaa, ngojeni inayofuata.

Siku hizi pia kuna barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi upande wa kusini bila kupanda feri. Vikundi vya Changamwe vikitaka kwenda kusini, hesabuni nauli ya njia hiyo.

Gari

Tuktuk ni rafiki wa mwenye kiti: sakafu iko chini, na kiti kilichokunjwa huingia nyuma. Kwa kundi, kodisheni matatu nzima. Mkubaliane na dereva mbele ya makanga kwamba kiti si mzigo wa kulipiwa, na kwamba gari litasimama mpaka mtu akae vizuri. Makubaliano ya barabarani, injini ikinguruma, huishia ugomvi.

Bebeni pampu, viraka, gundi na spana. Gurudumu kubwa la kiti halitofautiani sana na la baiskeli, na fundi wa baiskeli yeyote ataliziba.

Jua na ngozi

Hili tafadhali lisomwe kwa sauti mkutanoni. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda hasikii moto wala maumivu sehemu ya chini, na mwili wake huenda hautoi jasho kama kawaida. Chuma cha kiti kilichokaa juani kitamchoma bila yeye kujua. Sahani ya moto isiwekwe mapajani. Akae kivulini, anywe maji mara kwa mara, na kitambaa kilicholowa kiwe karibu.

Pia kukaa mahali pamoja bila kusogea huleta vidonda, na vidonda hivyo huua watu. Kila nusu saa au kabla ya hapo ajiinue kwa mikono au asaidiwe kuegemea upande. Mto wake usiachwe nyumbani kwa sababu "hauonekani vizuri kwenye picha".

Kusukuma kwa adabu

Usiguse kiti kabla ya kuuliza. Kiti ni kama sehemu ya mwili wake. Mwambie unapotaka kusukuma, kugeuza au kusimama. Usimwinue kwa kushika vishikio vya mikono au magurudumu, vingine huchomoka. Shikeni fremu. Zungumza na yeye ukiwa umeketi au umeinama kidogo, si juu ya kichwa chake. Na umwite kwa jina, kwa baba, mama, kaka au shangazi kama unavyowaita wengine wa rika lake, usimwite "huyo kiwete". Mzee ni mzee hata akiwa kitini.

Fedha

Msimtoze yeye peke yake gharama za kiti. Tuseme wageni ni 10, na msaidizi pamoja na mbao vimegharimu shilingi 2,000. Gawanyeni kwa wote, kila mmoja shilingi 200, na hakuna atakayelalamika. Mweka hazina aandike nauli, viingilio, chakula, msaidizi na matengenezo, kila kimoja na risiti yake. Kijana anayesukuma kutwa alipwe. Ni kazi ngumu, na tukiita "sadaka" kila mara, mwaka wa pili hatatokea.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kiasi kinachofaa, na haki ya kuitwa kwa heshima. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 30 kinataja hata utamaduni, burudani na michezo. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 imefuatwa na sheria mpya ya 2025. Kwa hiyo kikundi kinapomwomba mwenye hoteli aweke njia ya mteremko, hakiombi hisani. Lakini nendeni kwa lugha nzuri, na fundi wenu, na vipimo mkononi. Mtu hukubali upesi akiona kazi yenyewe ni mifuko michache ya saruji.

Tuone, Tupime, Tutende

Katika mkutano ujao, jadilianeni haya:

Tuone. Katika kijiji chetu ni nani hajatoka nyumbani mwezi huu kwa sababu hawezi kutembea? Wataje kwa majina.

Tupime. Ni nini hasa kinachomzuia: ngazi, choo, nauli, au aibu yetu sisi?

Tutende. Chagueni mahali pamoja kati ya hapo juu. Wekeni tarehe, mkakague njia, mtengeneze choo kimoja. Safari ya kwanza iwe ya watu wetu wenyewe, kabla ya wageni wa mbali. Mtakosea mambo fulani, nao watawaambia.

Bwana wetu alifundisha kwamba tukifanya karamu tuwaalike maskini, viwete na vipofu. Mwaliko ni jambo la kwanza. Mlango ukiwa na sentimita 80, wataweza na kuingia.